Maji Aliyapata Wapi?

Kazi yangu ya kwanza ya kalamu ilikuwa kuhesabu majani. Mwaka 1968, nikiwa kijana wa miaka 19 niliyetoka Handeni na cheti cha darasa la nane na viatu vya kuazima, niliajiriwa ukarani katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe. Na kila siku ilipokaribia adhuhuri, jua likiwa limesimama utosini, nilipita baina ya mistari ya mkonge na daftari refu la jalada jeusi, nikiandika jina la mkataji, namba ya kipande chake, na idadi ya mafungu aliyoyakata, fungu moja likiwa na majani 30, wala si 29, kwa maana mnyapara alikuwa na desturi ya kufungua fungu lolote alilolishuku na kulihesabu upya mbele ya watu, na ole wake karani ambaye kalamu yake ilikutwa imeshuhudia uongo. Katani nyeupe iliyotoka koronani, ile mashine ya kukamua majani, na kuanikwa juani ilikuwa na makarani wake wakubwa. Mimi nilikuwa mtu wa majani mabichi. Niliidharau kazi ile. Nilidhani kalamu yangu imeumbwa kwa mambo yenye heshima kuliko hesabu, na kwamba siku moja nitaondoka niende mahali wanapokaa waandishi, mahali ambapo sikupajua, ila nilikuwa na yakini kuwa hapana harufu ya makapi ya mkonge yanayooza.

Ukarani uliniletea kazi nyingine nisiyoiomba. Kambini palikuwa na watu wa kila upande wa nchi, na wengine wa nje yake: Waha na Warundi, Wabena, Wanyakyusa, Wamakonde, mabaki ya wale manamba walioletwa zama za Silabu, ile ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua wa mkonge, wakakaa miaka kumi, wakakaa ishirini, hata baadhi yao hawakuwa tena na sura ya watu watakaorudi kwao. Wengi hawakujua kusoma. Baada ya magharibi walikuja mlangoni kwangu mmoja mmoja, mwenye senti hamsini na senti hamsini zake, mwenye yai na yai lake, asiye na kitu na salamu zake, wakakaa juu ya debe lililopinduliwa, nami nikawasha chemli nikaandika barua zao. Mtu mmoja wa makamo aliyechomwa mguu na mwiba wa mkonge aliniamuru niandike kwamba mguu umepona. Niliutazama mguu: ulikuwa umefungwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimelowa. Nikaandika kwamba mguu umepona. Mwingine alimuulizia mbuzi wake mara nne, je, yupo, je, amezaa, je, nani anamchunga, je, hajauzwa, kabla hajathubutu kumuulizia mkewe, na alipofika kwa mkewe alisema maneno mawili tu, “naye msalimu”, kisha akakohoa muda mrefu. Miaka hiyo nilikuwa nikitafuta vitabuni, kwa bidii iliyonimalizia mafuta ya taa, siri ya kuandika mazungumzo ya watu katika hadithi, na siri yenyewe ilikuwa imekaa juu ya debe mbele yangu kila usiku, ikinilipa mayai.

Vitabu vyangu vilikuwa vichache. *Kusadikika* cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1951, nilikiazima kwa mwalimu mmoja wa Manundu, nikakirudisha baada ya miezi minane, wala si kwa hiari. Nilipopata kujua kuwa Shaaban Robert naye alikuwa karani, aliyetumikia forodha miaka mingi na Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake, nilishikwa na wazimu wa aina yake: nilikuwa nikienda kusimama kando ya Ruvu, mto uleule upitao Korogwe ambao mwisho wake huingia baharini Pangani, nikiyatazama maji na kujiambia kuwa haya yanakwenda kupita mbele ya dirisha la ofisi ya bwana yule. Marhumu alikuwa ameiaga dunia tangu mwaka 1962, lakini ghururi ya ujana haiulizi tarehe. Nikaanza kuandika kama nilivyodhani anaandika yeye. Nikakusanya maneno kama watu wanavyokusanya vigae vya vyombo vya kale ufukweni, adhama, fasaha, jamala, takrima, nikayatia katika kila sentensi pasipo kujali kama sentensi ilikuwa na nafasi ya kuyapokea. Kwa fedha za likizo nilinunua Tanga, kwa mtu aliyekuwa akihama, ile kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ambayo jalada lake lilikuwa limeliwa na mchwa lakini maneno yake yalikuwa salama, na kwa muda wa mwaka mzima nilikuwa mtu asiyeweza kusema kuwa ana njaa bila ya kwanza kuifungua.

Kitabu kingine nilikipata kwa bahati tu, na thamani yake sikuijua hata baadaye sana. Nacho ni *Habari za Wakilindi*, alichokiandika Abdallah bin Hemedi, kikapigwa chapa kwa sehemu tatu na wamisionari wa Magila baina ya mwaka 1895 na 1907, kisha kikatolewa upya mwaka 1962. Sisi wa Handeni habari ile inatuhusu, maana Mbega, mwindaji aliyewazaa watawala wa Usambara, alitoka Ngulu, akapita Kilindi, ambayo wakati wangu ilikuwa bado sehemu ya wilaya yetu. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikiona kitabu cha mtu asiyejua madaha. Kila Mbega alipofika, mwandishi anataka kujua amekula nini na amekula na nani. Nyama ya nguruwe mwitu inatolewa, vyakula vya shambani vinapokewa, na kutoka katika badilishano hilo la nyama kwa chakula cha konde unatokea ufalme mzima. Nilizirusharusha kurasa zake nikitafuta mahali penye balagha. Hivi leo naamini kuwa mzee yule, aliyekuwa mtu wa kuwaandikia barua watawala wa Usambara kabla hajawa mtungaji, alijua jambo ambalo mimi nililijua shambani kila adhuhuri na kulisahau kila nilipoketi kutunga: kwamba fungu ni la majani 30.

Yaliyonitia tamaa ya kuchapishwa ni mengine. Nilisikia habari za Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye *Mzimu wa Watu wa Kale* chake kilishinda mashindano ya hadithi za Kiswahili yaliyofanywa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, kikachapishwa 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa akawa mtu anayejulikana kuliko mawaziri. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo ilikuwa na mashindano yake ya hadithi fupi. Basi nikaona kuwa mlango upo, tena uko wazi, kilichobaki ni mimi kujitokeza. Nilipeleka hadithi fupi tatu magazetini katika muda wa miaka miwili. Moja haikujibiwa. Moja ilijibiwa kwa mstari mmoja wa taipu. Ya tatu ilichapishwa ikiwa imekatwa nusu, na jina langu likaandikwa kwa makosa, nami nikalinunua gazeti lile nakala sita.

Mwaka 1974 nikaanza kitabu. Ilikuwa habari ya kijana wa pwani anayeingia bara kumtafuta nduguye aliyepotea, naye anafika Handeni katika mwaka wa njaa. Njaa sikuhitaji kuibuni. Ukame wa miaka ile ulikuwa umeipiga nchi yote, na watu wa Handeni, ambao mahindi yao hukauka hata katika miaka ambayo wengine wanasifu mvua, walikuwa wakipanga foleni kungoja mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Nilikuwa nikiandika kwenye madaftari ya shule, kwa kalamu ya risasi kwanza kisha kwa wino, usiku, chumbani mwangu, hatua chache kutoka mtoni, vyura wakiimba. Nilipopata likizo mwaka uliofuata nikayafunga madaftari tisa kwa kamba ya katani, nikapanda gari kwenda Handeni, nikashuka upande wa Sindeni kwa Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa kwenye Operesheni Vijiji wakawekwa pamoja kando ya barabara, na nyumba zao zilikuwa bado hazina hata mti mmoja wa kivuli. Mama Mkubwa alikuwa amekaa barazani akichambua kunde, na kando yake pana kitabu cha kisomo, kwa kuwa serikali ilikuwa imewataka watu wazima wote wajifunze kusoma, naye alikuwa amefika kwenye silabi. Nilimpa shikamoo, nikakaa, nikaanza kumsomea. Sikumwomba maoni yake. Nia yangu, nasema kweli, ilikuwa anisifu.

Alinisikiliza jioni mbili bila kusema neno. Jioni ya tatu nikafika mahali ambapo kijana wangu, baada ya mwendo wa siku nne katika nchi iliyoungua kwa jua, anapokewa na maskini mmoja, analala, na alfajiri anaamka, anaoga, anajipaka uturi, anavaa kanzu na kutoka nje kuitazama adhama ya mapambazuko. Mapambazuko yenyewe yalichukua kurasa mbili. Mama Mkubwa akaacha kunde.

“Mwanangu,” akasema, “maji aliyapata wapi?”

“Maji gani, mama?”

“Ya kuoga. Umesema ameoga. Mwaka wa njaa, kwa maskini. Maji aliyapata wapi?”

Nilijibu kuwa alipewa na mwenyeji wake. Akaniuliza mwenyeji aliyateka wapi. Nikasema kisimani. Akaniuliza kisima gani, na mke wa mwenyeji huyo alitoka saa ngapi kwenda huko, na je, mwanamke aliyetoka usiku wa manane na kurudi jua limepanda na kibuyu kimoja cha maji, atamwacha mgeni ayamwage mwilini ili apate kunukia uturi? Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimezaliwa katika wilaya ile. Utotoni nilikwenda mtoni pamoja naye, mto usio na maji, nikamwona akichimba mchanga kwa mikono mpaka unyevu utokee. Miaka saba tu ya kuishi kando ya Ruvu, ambako mtu huamka akaoga na kusahau kuwa ameoga, ilikuwa imelifuta jambo hilo moyoni mwangu kabisa. Na fasaha yote niliyoiokota katika kamusi ya Johnson ilikuwa imekuja kuikalia nafasi yake.

Usiku ule Mama Mkubwa ndiye aliyesimulia. Akaniambia jinsi wanawake walivyokuwa wakikaa kwenye foleni usiku kucha kulizunguka shimo la mchangani, kwa kuwa maji huchuruzika polepole, kata moja kwa kitambo cha mtu kuvuta tumbaku na kuimaliza. Kwamba zamu ilikuwa kitu kizito kuliko undugu. Kwamba usiku mmoja zamu ilimfikia mwanamke fulani, mgonjwa, mwenye mtoto mgongoni, naye amelala usingizi ameegemea kibuyu chake, na wale waliokuwa nyuma yake wakatazamana. Hapo akanyamaza akaingia ndani kulala. Sikumuuliza kama walimwamsha.

Niliyafungua madaftari yangu yote tisa nikayaanza upya. Ila kiburi hakifi kwa siku moja: nilifuta kule kuoga, nikaliingiza shimo la mchangani katika nusu ya pili ya kitabu, lakini nusu ya kwanza, ambayo ilikuwa imetukia pwani, niliiacha na mapambo yake yote, nikijisemea kuwa pwani maji yapo.

Hapa yanipasa kusema habari za mashine, kwa kuwa hakuna mchapaji aliyekubali mswada wa mkono. Ofisi ya shamba ilikuwa na taipureta ya zamani, Imperial, nayo ilikuwa nzuri isipokuwa herufi a, ambayo ilikuwa imelika mpaka inapiga doa tu. Mashine ile ilitengenezwa Uingereza kwa watu wenye lugha isiyoihitaji a kama yetu inavyoihitaji. Kwetu hakuna neno linalokwenda mbali bila yake, hata sikushangaa kuwa ilichoka mapema. Karani mkuu aliniruhusu kuitumia baada ya saa za kazi kwa sharti la kujinunulia karatasi. Nilipiga kwa vidole viwili, nikaacha nafasi pana pembeni na mstari mtupu baina ya mistari kama nilivyoelezwa, kisha nikazijaza a zote kwa kalamu, ukurasa baada ya ukurasa, kurasa 212. Kazi hiyo ilichukua miezi kumi na moja. Karatasi ya kaboni ilikuwa haba na bei yake inauma, nami nilikuwa nikiitumia moja hiyohiyo mpaka inatoboka. Nilipofika ukurasa wa 98 ilikwisha kabisa, dukani Korogwe hapakuwa na nyingine, na mimi sikuwa na subira. Nikaendelea bila nakala. Katika mambo niliyoyafanya kwa uzembe maishani mwangu, na si machache, hilo ndilo nililolipia kwa ukamilifu zaidi.

Novemba 1976 niliupeleka mswada posta ya Korogwe, nikausajili, nikauaga. Ulikuwa unakwenda kwenye nyumba moja ya uchapaji ya Nairobi, kwa maana wakati huo Nairobi ndiko kulikokuwa na wachapaji wengi, na posta ya Korogwe na posta ya Nairobi zilikuwa bado mali ya Jumuiya moja ya Afrika Mashariki. Januari nikapata kadi kuwa umefika na unasomwa. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Jumuiya ikavunjika mwaka uleule, kila nchi ikajichukulia ilichoweza, nami niliandika barua nne, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyorudi na jibu. Mpaka ulipokuja kufunguliwa tena mwaka 1983, nyumba ile haikuwa na kumbukumbu ya jina langu, wala sina haki ya kuilaumu kuliko ninavyoilaumu karatasi ya kaboni.

Nilibakiwa na nusu ya kwanza, ile ya mapambo. Nusu yenye shimo la mchangani ilikuwa imepotea.

Miezi mingi sikugusa kalamu. Kisha nikajaribu kuandika kutoka kichwani yale niliyokuwa nimeyaandika, nikagundua kuwa sikumbuki sentensi zangu hata moja, hizo sentensi ambazo nilikuwa nimezichonga kwa usiku mzima kila moja. Nilichokikumbuka ni sauti ya Mama Mkubwa tu. Basi nikarudi Sindeni. Ilikuwa mwaka 1978, kabla ya vita vya Kagera. Safari hii sikwenda na madaftari ya kusoma, nilikwenda na daftari tupu, nikafanya kama nilivyofanya kambini kwa miaka tisa: nikakaa yeye alipokaa, nikaandika alichosema. Nilimuuliza majina ya wanawake wote waliokuwa kwenye foleni ile, na vibuyu vyao vilikuwa vya ukubwa gani, na mwezi ulikuwa umefika wapi. Alijibu yote. Mwishoni nikamuuliza lile ambalo sikuliuliza mwanzo, kama yule mwanamke waliwahi kumwamsha.

Mama Mkubwa alikuwa akisuka mkeka. Hakuinua uso.

“Aliyekuwa nyuma yake,” akasema, “alikuwa mimi.”

Hakuongeza neno, nami nilikuwa nimekwisha jifunza, kwa yule mtu aliyemuulizia mbuzi wake mara nne, kwamba maneno mengine yakisemwa karani hutazama karatasi yake. Nilirudi Korogwe nikaandika nusu ya pili kwa muda wa miezi mitano. Katika kitabu yule mwanamke haamshwi, na anayemruka katika foleni anateka maji yake na kuondoka, na msomaji anafuatana na yeye huyo mpaka mwisho wa habari. Kijana wa pwani na uturi wake nikamfanya mgeni apitaye.

Mambo yaliyofuata yalikuwa ya kawaida kwa kila aliyetaka kuchapisha kitabu nchini mwaka ule, na sitayarefusha. Vita ilikuja, karatasi ikapotea pamoja na sabuni na sukari, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuwa bado hakijajengwa. Wachapaji wa Dar es Salaam walikuwa na miswada kabatini isiyokuwa na karatasi ya kuichapia. Mfanyabiashara mmoja alitaka kuununua mswada wangu moja kwa moja, alipe mara moja na haki zote ziwe zake, na kiasi alichotaja kilikuwa kinatosha mabati ya nyumba. Nililala siku tatu bila usingizi nikiwaza mabati. Nikakataa, na sababu haikuwa hekima, ila kwamba alipousoma mswada mbele yangu aliruka ile sehemu ya foleni ya maji, akisema inachosha.

Nyumba moja ya Dar es Salaam, ambayo nilikuwa nimeipelekea nakala safi nikibaki na mbili nyingine, moja sandukuni na moja kwa jirani, ilinijibu baada ya miezi kumi na minne. Bahasha ilikuwa na ripoti ya msomaji wao, karatasi tatu, bila jina. Nilikwisha zoea kukataliwa, lakini sikuwahi kusomwa. Msomaji yule alikuwa ameona kila kitu. Alisema, kwa muhtasari, kwamba kitabu kinaonekana kimeandikwa na watu wawili, wa kwanza amesoma vitabu vingi na wa pili amekaa kisimani, naye alishauri kuwa huyo wa pili aombwe aandike na nusu ya kwanza. Alikuwa ameweka alama pembeni ya kurasa 31 zenye maneno ambayo, kwa maoni yake, niliyaweka ili nionekane. Nilikasirika kwa muda wa wiki moja. Kisha nikachukua ule mstari wa kwanza kabisa wa kitabu, uliokuwa na adhama na jamala ndani yake, nikajaribu kumuuliza Mama Mkubwa kichwani mwangu kama unaeleweka, nikasikia kimya.

Sitaki nieleweke vibaya juu ya maneno. Naliyapenda na nayapenda. Msomaji anayeyaona humu amekwisha nibaini. Lugha ya pwani ina maneno yaliyokaa bandarini karne nyingi mpaka yakapata uraia, na mwandishi asiyeyajua ni fundi mwenye randa moja. Lakini neno takrima lina mwanamke nyuma yake aliyekwenda kuteka, na nilipokuwa nikilitumia bila yeye nilikuwa nikiandika 30 mahali penye majani 29. Mnyapara wangu wa zamani, ambaye hakuwahi kusoma hadithi yoyote, angelifungua fungu lile mara moja.

Mkataba ulikuja mwaka 1982: mrabaha wa asilimia kumi, nakala 3,000, nakala sita za bure kwa mwandishi. Niliusoma mara mbili, nikampelekea hakimu mstaafu wa Korogwe akausoma mara ya tatu, nikatia sahihi. Mhariri, mtu mpole mwenye kalamu nyekundu, alinitumia prufu za kusahihisha nikakuta makosa 140, na katika hayo thelathini na mbili yalikuwa ni herufi a.

Siku hizi wananijia vijana, wengi kutoka Chanika na Mkata, baadhi yao wakiwa na riwaya nzima katika simu zao za mkononi, na mimi huona wivu nikikumbuka kaboni. Huniuliza habari za tuzo, na zipo: ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu iliyoanza kutolewa Aprili 2023. Huwaambia wapeleke, na wasome masharti mpaka mwisho, maana miswada mingi huanguka kwa idadi ya maneno kabla haijaanguka kwa uhafifu. Huniuliza programu gani ya kuandikia iliyo bora. Hilo huwaelekeza kwa wajukuu zangu. Mmoja wao, msichana aliyemaliza kidato cha nne, alinisomea mwezi uliopita mwanzo wa hadithi yake, ambamo mtu anatoroka Korogwe usiku kwa bodaboda hadi Handeni, na kabla sijajua ninachofanya nilikwisha muuliza petroli aliijaza wapi, na kwa fedha ya nani. Akanitazama kwa hasira ambayo niliitambua vizuri sana.

Kitabu changu kilitoka mwaka 1983, mwezi wa Septemba. Nilichukua nakala moja nikaenda nayo Sindeni. Mama Mkubwa alikuwa amekwisha hitimu kisomo, anasoma polepole, kidole kikiwa chini ya kila neno na midomo ikitembea. Hakuanza mwanzo. Alitafuta foleni ya maji, nami nikamwonyesha ukurasa, akasoma kurasa zile tisa mchana kutwa, mimi nikiwa nje nampasulia kuni zisizohitajika. Aliponiita jua lilikuwa limeinama. Alikuwa amekifunga kitabu na kukiweka pajani, mikono yake juu yake, na hakusema lolote juu ya alichokisoma, wala mimi sikumuuliza.

Kisha akakigeuza akalitazama jalada. Mchoraji wa nyumba ile, ambaye nadhani hakuwahi kuvuka Chalinze, alikuwa amechora kisima kizuri cha mawe kilichojaa maji mpaka ukingoni, mwanamke aliyevaa kanga mpya akiinama na mtungi, na juu yao mnazi mrefu wenye madafu.

“Mwanangu,” akasema Mama Mkubwa, “na huyu maji ameyapata wapi?”

Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, na siku ya pili yake niliwaandikia wachapaji barua ya adabu kuwaeleza kuwa Handeni upande wetu hakuna minazi. Wakanijibu kwa adabu vilevile kuwa mnazi utaondolewa katika chapa ya pili. Chapa ya pili haijatoka hadi leo, na mnazi ungali umesimama pale, na madafu yake.